Jibu kwa katibu wa BMU Kilwa: Kesennuma ni mji wa barafu kabla ya kuwa mji wa samaki

Swali: Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi ufukweni, huku Kilwa. Tangu ujenzi wa bandari ya uvuvi uanze Kilwa Masoko, kila mkutano tunaambiwa tutakuwa kama Japani. Juzi kijana mmoja alituonyesha kwenye simu picha za mji uitwao Kesennuma. Watu hawafiki hata laki, lakini jodari wanashushwa kwa mamia ya tani. Akatuambia mji huohuo ulifagiliwa na tsunami mwaka 2011. Naomba kujua: mji mdogo vile unawezaje? Kwa nini walirudi kujenga palepale? Na wewe uliyekaa huko, ungetushauri tuige nini?

Jibu: Ndugu Katibu, picha hizo nazijua, na karibu zote zinaficha jambo moja. Siku ukisimama kwenye gati la Kesennuma mwezi wa Agosti, usiangalie samaki kwanza. Zunguka nyuma ya vyombo usome jina la bandari lililoandikwa kwenye tezi. Utasoma Kochi, utasoma Miyazaki, utasoma Mie. Hizo ni sehemu za kusini mwa Japani, nyingine zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo. Vyombo vinavyoleta wale jodari si vya watu wa Kesennuma. Ni vya wageni walio dagoni.

Wewe mtu wa Kilwa sina haja ya kukueleza dago. Unajua Wapemba wanavyofuata samaki hadi pwani ya Kenya, wakalala ugenini miezi, wakarudi msimu ukigeuka. Wajapani hawa nao wanafuata katsuo, jodari mdogo mwenye mistari tumboni, ambaye baadhi ya madiko ya kwetu humwita sehewa. Kila mwaka katsuo hupanda kutoka kusini na mkondo wa maji ya moto uitwao Kuroshio, maana yake mkondo mweusi. Kiangazi kikiingia anafika mbele ya pwani ya Sanriku, kaskazini-mashariki mwa kisiwa kikuu, na hapo anakutana na mkondo wa baridi, Oyashio, unaoteremka kutoka kaskazini na chakula tele. Jina la Oyashio maana yake mkondo mzazi, na hawakukosea. Katsuo anakula ananenepa, na majira ya baridi yakikaribia anageuza kichwa kurudi kusini akiwa na mafuta. Vyombo vinamfuata kwenda na kurudi.

Sasa bandari ziko nyingi pwani ile. Mgeni wa dago ana uhuru wa kuchagua, na kila mwaka tangu 1997, kwa zaidi ya robo karne, katsuo wabichi wengi kuliko popote pengine Japani wameshushwa Kesennuma, mji ambao sensa ya 2020 iliukuta na watu kama 61,000. Kwa hiyo swali lako la kwanza nitaligeuza kidogo: kwa nini nahodha wa Kochi anaipita bandari nyingine akaja hapa?

Anza na chambo. Katsuo huvuliwa kwa ufito, mtu na samaki wake. Nahodha akiona ndege wanazama, chombo kinasogea taratibu, mtu mmoja anarusha dagaa hai baharini, na mabomba ya ubavuni yananyunyiza maji mpaka uso wa bahari unachemka kama kundi la dagaa linakimbia. Wavuvi wamekaa msitari mmoja ukingoni. Ndoana haina kile kijino cha kumzuia samaki asichomoke. Akishika anainuliwa kwa nguvu moja, anapita juu ya kichwa cha mvuvi, anajichomoa hewani na kuanguka sitahani, na ndoana imesharudi majini kabla hajatulia. Wavuvi wa Maldives nao huvua hivyohivyo tangu zama za mababu. Lakini yote hayo yanategemea dagaa aliye hai. Dagaa akifa, safari imekufa. Pale Kesennuma kuna ghuba iliyotulia, na ndani yake dagaa wanafugwa kwenye vizimba vya nyavu vinavyoelea. Chombo kinakuja, kinachota chambo hai, kinatoka.

Kisha barafu. Hapa nikuombe uvumilivu, maana nitakaa.

Asubuhi yangu ya kwanza katika soko lile nilifika gizani nikitega masikio nimsikie dalali. Sikusikia kitu. Wanunuzi wamevaa mabuti ya mpira na kofia, wanapita kati ya matangi ya samaki, wanaminya tumbo la huyu, wanamtazama jicho yule, halafu kila mmoja anaandika bei yake kimyakimya na kuiwasilisha. Aliye juu ndiye mshindi. Mnada hauna kelele kuliko msiba! Nikabaki natazama kilicho na sauti, nacho ni beleshi. Mzee mmoja kazi yake ilikuwa barafu tu. Samaki walikuwa wanashuka kutoka kwenye chombo kwa mkanda unaotembea, wanapangwa kwa ukubwa, wanaingia kwenye tangi, na kabla tangi halijajaa beleshi lake limeshatangulia. Nikauliza kwa nini anaweka nyingi hivyo, mbona nyingine inamwagika sakafuni. Mwenyeji wangu akanijibu kwamba barafu inayomwagika ni rahisi kuliko samaki anayelegea. Kwa miezi yote niliyokaa, sikuwahi kumwona samaki amelala juani.

Barafu hiyo haikuja na gari kutoka mji mwingine. Viwanda vyake viko hapohapo ufukweni. Chombo kinasimama chini ya kiwanda, barafu iliyosagwa inashushwa kwa bomba moja kwa moja hadi ngamani. Anayetia mafuta yupo. Fundi injini yupo, na chelezo cha kukarabati vyombo hakiko mbali. Anayetengeneza maboksi ya samaki yupo. Wanunuzi wako wa kila namna, ndiyo maana hata chombo kikileta samaki wengi ghafla bei haianguki kama jiwe: wazuri wanaondoka wabichi usiku uleule kwenda Tokyo, wengine wanagandishwa, wengine wanapikwa, na vichwa na matumbo vinakuwa unga wa chakula cha mifugo. Hata bafu lipo. Usicheke. Baharia aliyelala siku kadhaa kwenye chumvi anataka maji ya moto, na bafu la umma lililokuwa jirani na gati lilikuwa likiwangoja mabaharia wa kusini kwa miaka mingi kama jamaa. Chombo kinachokwenda mbali kinaagwa kwa bendera za rangi zinazopeperushwa na wake, watoto na wauza duka wa pale. Mgeni haendi dago mahali anapoonekana kero.

Ndiyo siri yenyewe. Samaki hana uraia. Anashushwa pale ambapo nahodha ana uhakika wa vitu vyote hivyo kwa wakati mmoja, na kikikosekana kimoja, vilivyobaki havimsaidii.

Nisije nikakupa picha kwamba wenyeji wao hawavui. Wanavua sana. Kesennuma ina vyombo vya masafa marefu vinavyofuata jodari wakubwa mpaka Bahari ya Hindi na Atlantiki, safari ya karibu mwaka mzima. Kwenye rasi ya Karakuwa, sehemu ya mji huo, utaona nyumba kubwa za mapaa ya vigae vinavyong'aa zilizojengwa na mabaharia hao. Wenyewe wanaziita makasri ya Karakuwa. Vyombo vingine vya hapo hutumia mishipi mirefu yenye ndoana nyingi kuvua mekajiki, yule mwenye pua kama upanga, jamaa ya nduwaro, na pamoja naye papa.

Papa wanastahili aya yao. Sehemu kubwa kabisa ya papa wote wanaoshushwa Japani hushushwa Kesennuma, hasa papa bluu. Duniani mji huu unajulikana kwa mapezi, na lawama umezipata. Lakini nilichokiona si ule uharamia wa kukata pezi na kutupa mwili baharini. Papa anafika mzima. Pezi linakaushwa, nyama inasagwa kuwa hanpen, aina ya andazi laini la samaki, ngozi inatengenezwa pochi na mikanda, gegedu linakwenda kwa watengeneza dawa za viungo. Kuna aina nyingine, wanamwita moka, ambaye moyo wake unaliwa mbichi umekatwa vipande vyekundu na kuchovywa kwenye mchuzi wa siki. Nilikula. Si mbaya, una ladha ya ini la ng'ombe lisilo na harufu. Nikawasimulia kwetu nyama ya papa inakuwa ng'onda, na mafuta yake, sifa, yanapakwa kwenye chombo mbao zisioze. Ile sifa iliwafurahisha kuliko yote niliyowahi kuwaambia.

Sasa tsunami. Pwani ya Sanriku imekatika kama vidole: milima inashuka hadi baharini, na kati ya mlima na mlima ghuba nyembamba inaingia ndani. Kesennuma iko mwisho wa ghuba kama hiyo, na mbele yake kuna kisiwa cha Oshima kinachoikinga na mawimbi. Kwa siku za kawaida hakuna bandari bora kuliko hiyo, na ndiyo maana dagaa wanafugika ndani yake. Lakini tsunami ikiingia kwenye mdomo mpana na kusukumwa kwenye koo jembamba, maji hayana pa kwenda isipokuwa juu. Watu wa pale hawakuwa hawajui. Mwaka 1896 pwani hiyo ilipoteza watu wapatao 22,000. Mwaka 1933 ikaja nyingine ikaua kama 3,000. Mwaka 1960 tetemeko la Chile lilivusha mawimbi Bahari ya Pasifiki nzima na kuwakuta asubuhi ya pili.

Machi 11, 2011, saa nane na dakika 46 mchana, ardhi ilitikisika kwa kipimo cha 9.0. Kesennuma peke yake ilipoteza watu zaidi ya elfu moja. Matangi ya mafuta yalikuwa yamejipanga kando ya ghuba, 23 kwa jumla, na 22 yalichukuliwa na maji. Mafuta yakamwagika, yakashika moto, na usiku ule ghuba ikawaka juu ya maji. Chombo cha tani 330, Kyotoku Maru namba 18, kirefu kama mita 60, kilibebwa mamia ya mita ndani ya mtaa wa Shishiori kikabaki kimesimama wima katikati ya barabara. Wageni walikipiga picha mno. Mji ulipofikiria kukihifadhi kama kumbukumbu, wakazi wakaulizwa, na karibu asilimia 70 wakasema kiondoke. Mwaka 2013 kikakatwakatwa vyuma. Nadhani walikuwa sahihi. Anayetaka kumbukumbu aende kwenye jengo la iliyokuwa sekondari ya Koyo, sasa makumbusho. Gari lililopinduka bado liko ghorofa ya tatu, na kwenye kona ya ghorofa ya nne kuna pengo lililobomolewa na kiwanda cha kugandisha samaki kilichokuja kinaelea kikaligonga. Nilisimama mbele ya pengo lile muda mrefu. Wanafunzi wote waliokuwa shuleni siku ile walikimbizwa mbali na bahari wakapona.

Maji yalipotoka, gati la soko lilikuwa limezama, kwa sababu ardhi ya mji ilishuka zaidi ya nusu mita na maji yakijaa yanapanda sakafuni. Viwanda vya barafu hakuna. Maghala ya baridi yamevunjika na maelfu ya tani za samaki yameoza kiasi kwamba harufu na nzi vilikuwa msiba wa pili.

Hapo ndipo swali lako la pili linapata jibu. Kalenda haikuwa yao, ilikuwa ya katsuo. Katsuo wanafika kiangazi, tsunami imekuja Machi. Wakikosa msimu mmoja, nahodha wa Kochi atapata bandari nyingine, atazoea bafu la huko, na mwaka wa pili hana sababu ya kurudi. Kwa hiyo hawakungoja mji ujengwe. Waliinua kipande cha gati, wakafufua barafu kidogo, wakatafuta mafuta na chambo, na Juni 23, 2011, siku 104 baada ya maafa, soko likafunguliwa. Siku chache baadaye katsuo wa kwanza wakashushwa. Walishusha kwa kipimo cha barafu iliyopo, si kwa kipimo cha samaki waliopo baharini. Mwaka ule wa maafa, Kesennuma ikabaki ya kwanza Japani kwa katsuo wabichi. Watu walikuwa bado wanalala kwenye kumbi za shule.

Lakini "palepale" uliyoandika inahitaji kurekebishwa. Kilichorudi pwani ni kazi, vitanda vingi vimepanda mlimani. Sehemu za chini zilizofagiliwa ziliwekewa marufuku ya kujenga makazi, zikaachiwa viwanda vya samaki, na mahali pengine ardhi ikainuliwa kwa kifusi. Mvuvi anashuka asubuhi kwenda kazini na jioni anapanda.

Kelele kubwa zilikuwa juu ya kuta za bahari. Serikali ya mkoa wa Miyagi ilitaka ukuta mrefu kila mahali. Watu wa mtaa wa bandari wakasema: sisi tunaishi kwa kuitazama bahari, mkitufungia hatutaona hata ikitujia. Mvutano ukachukua miaka. Mwishowe wakakubaliana ukuta mfupi, wenye kipande cha juu kinachojiinua chenyewe maji yakipanda. Halafu mwaka 2018 ikagundulika kwamba sehemu moja imejengwa ikazidi makubaliano kwa sentimita 22. Ardhi iliyoshuka wakati wa tetemeko ilikuwa inapanda polepole, na wahandisi hawakurekebisha hesabu. Sentimita 22, urefu wa kiganja na kitu! Wakazi wakadai ipunguzwe, mkoa ukakataa. Ukipita leo ukuta upo hivyohivyo. Naitaja kwa sababu wewe ni katibu wa kamati, na najua siku wahandisi wakikaa mezani kwenu mtaona haya kuuliza vipimo.

Kijiji kimoja, Moune, kilikataa ukuta kabisa na kikasikilizwa. Hapo ndipo palipokuwa nyumbani kwa marehemu Hatakeyama Shigeatsu, mfugaji wa chaza ambaye tangu 1989 aliwapeleka wavuvi wenzake mlimani kupanda miti kwenye mlima Murone, akisema majani yanayooza kule juu ndiyo chakula kinacholetwa na mto kwa chaza wake. Walimcheka kwanza. Umoja wa Mataifa ukamtuza mwaka 2012 kama shujaa wa misitu. Tsunami ilimchukulia mama yake na vizimba vyote, naye akarudisha chaza kwenye ghuba ileile.

Usidhani huko mambo ni shwari. Sanma, samaki mwembamba kama kisu ambaye ndiye fahari yao ya vuli, alikaribia kupotea. Japani nzima ilivua zaidi ya tani laki mbili mwaka 2014, na mwaka 2022 haikufika tani 18,000. Bahari imepata joto na samaki wanapita mbali. Watu nao wanapungua: mji ulikuwa na karibu 73,000 kabla ya tsunami. Vijana wanakwenda Sendai na Tokyo, na mikono kwenye vyombo na viwandani mingi sasa ni ya Waindonesia. Wamefika mpaka kuna mgahawa wao na chumba cha kuswalia, kwa hiyo ukipata safari usihofu kuhusu chakula. Ila uliza kabla ya kula supu, nguruwe na pombe hujificha humo.

Tuje Kilwa. Gati mnajengewa, na gati ni jambo jema. Kesennuma mwaka 2011 ilianza na kipande cha gati kilichotiwa viraka, ikashusha samaki. Isingeweza kushusha bila barafu hata kwa gati la dhahabu. Kwa hiyo sikushauri muige soko lao wala mitambo yao. Kwenye kikao kijacho waulizeni wakubwa mambo machache, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Kiwanda cha barafu kitatoa tani ngapi kwa siku, na siku ya bamvua vyombo vikirudi vyote pamoja zitatosha? Umeme ukikatika saa ngapi mpaka samaki walegee? Bei ya barafu itamfaa mwenye ngarawa, au imepangwa kwa meli kubwa peke yake? Mgeni wa dago kutoka Mafia au Mtwara atapokewa na nani, ataoga wapi, atalipwa siku ileile au wiki ijayo?

Na kabla ya hayo yote, maji. Barafu ya kumfunika samaki inataka maji safi, mengi, kila siku, na najua kiangazi Kilwa Masoko watu hupanga madumu. Ulizeni maji ya kiwanda yatatoka kisima kipi.